Nyumba Inayomtii Desmond

Asubuhi ile ya Julai, basi la mji wa Ballarat lilijaa makoti na mafua. Glenys alijifanya anasoma gazeti, kumbe masikio yote yako kiti cha mbele.

“Taa, birika, hita, mlango, vyote nimeviunganisha humu,” Desmond alimwambia bibi mmoja asiyemjua, akimwonyesha simu. “Nyumba nzima inanitii, mama. Tazama, hita naiweka digrii ishirini na tatu.”

“Nyumbani kuna nani?”

“Mke wangu.”

“Naye anakutii?”

Namba ikashuka hadi kumi na saba. Desmond akaipandisha. Ikashuka tena.

Bibi akacheka. “Si uvae sweta tu ukiwa nyumbani, mwanangu, kama sisi wote? Mpigie mwelewane.”

“Hatuongei tangu Jumapili. Tunajibizana kwa hita.”

Simu ikalia. Desmond akasoma, akanywea. Bibi akachungulia bila haya, akasoma kwa sauti: “‘Desmond ameondolewa kwenye mfumo wa nyumba.’ Makubwa! Funguo za mlango unazo lakini?”

“Nilizitupa. Niliona za nini tena?”

Basi likasimama. Glenys alikuwa amepitiliza vituo viwili, na hakujutia hata kimoja.