Chabani Kwenye Mlango 8081

Kwenye kijiwe cha Safi, pale njia ya kambi ya wakimbizi ya Dzaleka inapokata kwenda bombani, kahawa ya tangawizi haikosi na wajuaji hawakosi. Wellars, aliyejipa cheo cha Injinia baada ya redio moja kupona mikononi mwake, alikuwa upande huu wa benchi. Jean de Dieu, anayeitwa Maître, yaani wakili, kwa kuwa hajawahi kukubali kushindwa, upande ule. Katikati, kompyuta mapajani, alikaa Carelle, binti wa jirani. Alikuwa amemtengenezea Safi ukurasa wa mtandaoni wenye picha ya mwanawe Chabani, waliyepotezana naye njiani walipotoka Kindu, ili popote alipo ajue mama yuko wapi. Safi alimimina kahawa, lakini moyo wake wote ulikuwa kwenye kioo kile.

— Inakataa, Carelle akasema. Eti mlango 8080 imekamatwa.

— Nani ameikamata? Safi akauliza.

— Programu ingine, mama. Kila moja iko na mlango yake, haziingii mbili.

— Njo kama ku bomba! Injinia akadakia. Mutu aliweka bidoni yake ya maji mu foleni, akaenda kulala. Tosha ile bidoni, weka pembeni!

— Wapi! Maître akasema. Namba mzuri vile? Bakubwa ba Ulaya balishaikamata zamani. Bako ndani banakunywa bière.

— Mu masini ya Carelle?

— Njo maana inapata moto huku chini!

— Basi tubatoshe. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

— Jembe mu kompyuta, Injinia? Kweli, penye miti hapana wajenzi.

Carelle alicheka, akageuza namba ikawa 8081, akabonyeza. Chabani akatokea na shati lake la shule, akitabasamu kwa kuficha jino lililovunjika. Benchi likapiga makofi. Safi akalia waziwazi wala hakuona haya.

— Sasa hata akiwa Brazili anatuona! Injinia akasema.

Nduwayo, dereva wa kabaza, pikipiki ya abiria, aliyesimama kunywa kikombe kimoja, akatoa simu, akaandika anwani ileile aliyoiona kwenye kioo cha Carelle, akangoja.

— Mi sioni kitu, Mama Chabani. Kama mi niko hapa pembeni na sioni, yeye kule ataona aje?

Injinia akamtazama Maître. Maître akatazama kahawa yake. Carelle akainamisha kichwa.

— Hii mlango ni ya mu masini yangu tu, mama. Ya kutokea inje sijaijua bado.

Carelle alipotaka kufunga kompyuta, Safi akaweka birika chini, akaketi karibu na picha.

— Utaijua, mwanangu. Lakini leo usimufunge.