Fulana Iliyozikwa Panapojengwa Bwalo

Mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu, wazazi na wenzetu,

KARIBU
Sisi wanachama wa klabu ya sayansi tunakukaribisha kwenye uwekaji wa jiwe la msingi la bwalo letu. Tumechoka kula tumesimama, kwa hiyo bwalo tunalitaka kweli.

TULIVYOANZA
Miti ya nyuma ya madarasa ilipokatwa, tulijiuliza: vijidudu wa kwenye udongo, wale wasioonekana kwa macho, wamebaki au wamekufa? Mwalimu wetu wa sayansi akasema tuwaulize wenyewe. Wanakula pamba, basi tuwape fulana. Tukaomba fulana kuukuu nyumbani. Bibi wa mwenzetu akauliza, "Mnazika nguo, kwani mmefiwa na nani?"

TULICHOKIONA
Chini ya miti iliyobaki, fulana ililiwa yote, ikabaki mishono na lebo. Uwanjani, pasipo na hata jani, ilitoka nzima. Mlinzi akaiomba akaifue avae. Kiangazi kilipozidi tukarudia, na hata kule kwenye miti walidonoadonoa tu. Kumbe mvua ikichelewa na wao wanakosa hamu.

Halafu tukapanda miche pale palipokatwa, ili tuone kama waliopotea watarudi.

SHIDA ZETU
Hatuna darubini. Subira pia hatuna. Fulana ya kwanza kwenye miche tuliifukua kila mapumziko, mpaka ikachanika mikononi mwetu. Mwalimu akasema, "Nyie mnapika au mnafunua sufuria?" Tukazika nyingine, tukaahidi kutoigusa mpaka mvua ije na ipite. Mvua yenyewe bado.

OMBI
Mgeni rasmi, fulana hiyo iko chini ya kile kigingi chenye utepe, hapo utakapoweka jiwe. Miche yetu ndiyo hiyo inayokufika magotini. Tuliambiwa tusikusumbue kwa hili, na tunamwomba radhi mwalimu mkuu mbele yako. Tunaomba bwalo lisogee kule uwanjani, ambako hakuna anayekula chochote. Tukishajengewa, tutakula sisi.

Labda fulana itatoka nzima, labda mishono mitupu. Hatujui. Hamu ya kufukua tunayo kuliko mtu yeyote hapa, na safari hii hatujachungulia.

Mungu akufikishe salama kwako, na mvua ikipita akulete tena. Jembe la kwanza tutakuachia wewe.

Ni sisi,
Klabu ya Sayansi, tunaoitwa Wazika Fulana.