Aliyefelishwa Mwenendo

Mheshimiwa Bwana DC, Padri Philippe, Daktari Byamugisha na walimu wenzako, ndugu wageni waalikwa mliotoka Kasese na ninyi wa hapa hapa Bwera, na ninyi vijana mnaohitimu udaktari leo, mliovaa makoti meupe mapya: nawasalimu nyote.

Nimeombwa kutoa shukrani kwa niaba ya wagonjwa. Padri alinichagua kwa kuwa nilifundisha katekisimu kule Beni kabla vita havijatuvusha mpaka, akaona Kiswahili changu hakitawaaibisha. Mimi ni Wivine. Wengi mnanijua kwa cherehani yangu pale sokoni.

Mwaka juzi, mwaka wa sabini, jicho langu la kushoto liliingiwa na mtoto wa jicho. La kulia lilikuwa zima, na ndilo lililotulisha nyumbani. Nilikuja hapa kwa miguu yangu, nikamwonyesha Daktari jicho bovu kwa kidole. Siku ya upasuaji nikalazwa chini ya shuka, wanafunzi wamenizunguka. Nilipohisi sindano upande wa kulia nilidhani wanatia ganzi pande zote mbili. Binti mmoja kati yao akasema jambo kwa Kiingereza. Daktari akamkaripia. Kisha kimya. Ndugu zangu, mmewahi kusikia chumba kizima cha watu wenye elimu kikinyamaza?

Jicho lile likaoza. Lilitoka usaha hadi nikaomba nife. Bandeji ilipoondolewa, kulia giza, kushoto ukungu. Daktari akaketi kando ya kitanda, akanishika mkono kwa upole sana.

"Mama, ugonjwa imehama," akaniambia. "Macho yote mbili imekufa. Rudi nyumbani, usihangaike tena na hospitali."

Kwa nini nisimwamini? Nilimshukuru, waheshimiwa. Nilimwombea kwa jina kila Jumapili, huku binti yangu Kahambu akinishika mkono kunipeleka chooni.

Ndipo yule binti aliyekaripiwa akaja nyumbani. Anaitwa Kenyangi, mtoto wa mfanyakazi wa saruji kule Hima, naye alikuwa mwanafunzi mwenzenu. Alisimama mlangoni, hakutaka kiti.

"Mama, ile jicho walipasua haikuwa ile ya ugonjwa," akasema. "Ya kushoto hawakugusa. Bado inaweza kupona. Enda Kampala."

"Daktari anajua?"

"Anajua. Sisi wote tunajua."

"Na wewe, mutoto wangu, watakufanya nini?"

Akalia, kisha akaenda zake.

Nilikwenda Kampala, wakanitoa mtoto wa jicho. Jicho hilo ndilo linalowatazama sasa. Kama nisingejua, ningekuwa nimekaa gizani hadi leo, nikishukuru.

Je, Kenyangi alifanywa nini? Ninyi mna mtihani wa kupima mwenendo wa daktari: adabu yake, uaminifu wake, namna anavyomtendea mgonjwa. Walimu walimkalisha mbele yao, wakamwuliza kama anajua maana ya kutunza siri ya kazi. Akawauliza, siri ya nani? Wakamfelisha, wakasema hafai kuwa karibu na wagonjwa. Leo anapalilia vitunguu katika shamba la watu Mubuku. Nilimfuata huko nikamsihi aje nami.

"Mama, nikikuja watasema nimekuja kuomba," akajibu, na jembe hakuliweka chini.

Daktari Byamugisha, nakusifu. Mkono wako ni mwepesi, na wapo waliokaa humu wanaosoma misale yao kanisani kwa sababu yako. Siwezi kulikana hilo. Sauti yako kando ya kitanda ni tamu, hata uongo unapita kama dawa. Uliwafundisha vijana hawa mengi. Uliwafundisha pia kunyamaza, na katika somo hilo hakuna hata mmoja wa hawa aliyeshindwa.

Gidioni, Tumukunde, nanyi wengine mliosimama kuzunguka shuka ile: sikuja kuwalaani. Nina watoto wa umri wenu. Lakini kesho mtu atalala mbele yenu bila kujua Kiingereza. Atakuwa na nani chumbani?

Nimepewa heshima ya kuwavalisha beji zenu, nami sitaikataa. Ila kila mmoja akifika mbele yangu, aniambie kwa sauti, Bwana DC asikie: lilikuwa jicho lipi? Asiyeweza kusema, beji yake nitampelekea Kenyangi.

Nawashukuru kwa kunitegea masikio mpaka mwisho.

Gidioni, mwanangu, njoo. Anza wewe.