Odini ya Argiri Kinyozi

Jumamosi asubuhi benchi la duka la kahawa la kisiwani, mkabala na kanisa, lilikuwa na wenyewe: Kapteni, aliyepika melini miaka thelathini bila kushika usukani hata siku moja, na Profesa, tarishi mstaafu, aliyepata elimu yake kwa kusoma postikadi za watu. Katikati yao alikaa Argiri kinyozi, kahawa yake haijaguswa. Kesho ni arobaini ya mkewe, Garifalia, na padri atamwombea afike mahali pasipo na odini. Neno la Kigiriki cha kale hilo, la kwenye Biblia. Argiri alilisikia maisha yake yote bila kujali, mpaka sasa lilipomkwama kooni.

— Hebu niambieni, alisema. Odini ni nini hasa?

— Huzuni, Profesa akajibu. Ya daraja la juu.

— Huzuni wapi, bwana! Kapteni akadakia. Huzuni ina neno lake, padri analitaja hapo hapo. Odini ni maumivu ya figo. Yalinipata melini, nikatubu mpaka dhambi za nahodha.

— Mtume Paulo anasema anayo moyoni, wewe unaipeleka kwenye figo!

— Moyo na figo si majirani? Nimepasua mbuzi wangapi mimi?

— Sikiliza wewe, Profesa akabadili jibu. Odini ni mdudu. Huingilia sikioni, simu ya msiba ikipigwa. Ndiyo maana mababu zetu, wasio na simu, walikufa wakicheka.

— Waliokufa wakicheka ni wa ukoo wenu, na sababu tunaijua.

Argiri hakucheka.

— Mimi sijalia, alisema. Siku thelathini na tisa, hata chozi moja. Nanyoa watu, nakula, nalala. Sasa hiyo odini ninayo au sina? Au mke wangu nilikuwa simpendi?

Wenzake wakainamia machicha ya kahawa vikombeni.

— Unayo, Profesa akasema mwishowe. Imechelewa njiani tu, kama barua.

— Kama barua zako wewe, Kapteni akanong'ona.

Akatokea Tasula na kapu la mikate, mke wa mwoka mikate, aliyeolewa hapo mwezi uliopita. Akampa Argiri pole.

— Samahani wazee wangu, mimi bado mgeni. Ile ngano ya arobaini, ya kugawiwa watu kanisani, hapa anachemsha nani? Nataka nikamsaidie.

— Garifalia, wakajibu wote watatu kwa pamoja.

Kila aliyekufa kisiwani, Garifalia ndiye aliyeloweka ngano yake, akaichemsha, akaipamba kwa sukari na komamanga. Watu waliikuta kanisani tu. Ya kwake hakuna aliyeikumbuka.

Argiri alifungua mdomo aseme kitu, kikatoka kilio. Alilia kwa sauti, mabega yakimtikisika, mpaka Tasula akaweka kapu la mikate chini.

Kapteni alivua kofia, akafutia pua, akainuka.

— Haya jamani. Sufuria kubwa ninayo. Ngano iko wapi?

— Kabati la juu, Argiri akasema kwa kwikwi. Huwa anaiweka kabati la juu.