Kesi ya Meza ya Mvule

Jambo la mwisho la kawaida aliloniambia mke wangu ni kwamba droo ya meza ya jikoni imekwama tena. Nikamjibu, “Kesho.” Miezi mitano baadaye niliipakia meza hiyo kwenye mkokoteni, nikaipeleka kijiweni, kwenye benchi lililo mbele ya karakana ya seremala wetu, Randa, nimwombe aipasue iwe kuni. Wajumbe walikuwa wametimia: Randa mwenyewe, Mama Birika anayeuza kahawa, na Waziri, ambaye hajawahi kupewa wizara yoyote, ndiyo maana anaziongoza zote. Mimi huniita Digrii.

— Kuni? akashangaa Randa, akiigonga meza kwa kidole. Digrii, huu ni mvule. Umekatwa wewe hujazaliwa.

— Ndiyo ubaya wake, akasema Waziri. Mbao kuukuu imeshachoka. Samaki mkunje angali mbichi.

— Samaki kaingiaje hapa?

— Usinikatize. Mwanangu kanunua meza ya kisasa, ile ya unga wa mbao na gundi. Nyepesi! Unaibeba kwa mkono mmoja.

— Ikinyeshewa unaibeba kwa kijiko, akasema Mama Birika.

— Wewe mimina kahawa. Mbao za zamani zinanyonya maneno, nawaambia. Kila ugomvi wa nyumba umo humo.

— Mbona hilo benchi ulilokalia lilikuwa mlango wa mahakama? akauliza Randa. Nililiunda mwenyewe.

— Umeona sasa! Ndiyo maana nikikaa hapa natoa hukumu tu!

— Basi nipeni mimi hiyo meza, akasema Mama Birika. Birika langu halina siri.

— Thubutu! Mbao ikipita miaka hamsini inarudi kuwa mti. Kitanda changu kilichipua majani. Mke wangu wa kwanza ni shahidi.

— Si alikukimbia huyo?

— Aliyakimbia majani.

Kisha Waziri akaniwekea mkono begani, kwa huruma ya kweli.

— Digrii, ndugu yangu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Nikamshukuru. Kati ya wote walionipa pole, ni yeye pekee aliyemfananisha marehemu na koleo.

Hapo akafika mama mmoja tusiyemfahamu, aliyekuja kuulizia stuli. Akatusikiliza kidogo, akapapasa juu ya meza, pale palipobonyea kwa miaka ya kukatiwa mboga.

— Samahanini. Kwani imeharibika nini?

Randa akamtazama Waziri. Waziri akatazama kikombe chake. Mama Birika akainamisha birika, halikutoka tone.

— Nauliza tu. Mnaipasua, imeharibika nini?

Jibu nilikuwa nalo. Nikaushika mkokoteni, nikaugeuza kuelekea nyumbani. Randa aliingia karakanani, akatoka na kipande cha msasa, akakiweka juu ya meza. Nyuma yangu nilimsikia Waziri akimweleza mgeni kwamba uamuzi huo ulikuwa wake.

Asubuhi yake niliivuta droo kwa nguvu mpaka ikatoka. Nikazisugua kingo zake mbili kwa msasa, nikapaka reli kwa kipande cha mshumaa, nikairudisha. Ikateleza mpaka mwisho, bila sauti.

Ilichukua dakika nne.