Namba Iliyopanda Kabla ya Kushuka

Benchi lile lipo kati ya duka la kinyozi na kibanda cha fundi saa, na asubuhi hiyo Fundi Saa alilifikia akitabasamu peke yake, karatasi ya maabara mfukoni. Wiki sita nyuma mkewe alianza kuwekewa dawa za saratani ya ovari. Kipimo cha damu cha kufuatilia uvimbe kilisoma mia tatu na kumi kabla ya dawa. Wiki tatu baadaye, baada ya dozi ya kwanza, kikaruka hadi mia nne na ishirini. Tangu hapo Fundi Saa akawa anafungua saa za watu, anasahau kuzifunga.

— Leo imesoma ngapi? aliuliza Kinyozi, akimmiminia kahawa.

— Mia na kumi na nane.

— Alhamdulillahi. Sasa ile mara ya kwanza ilipanda kwa nini?

— Mashine ilikuwa na joto, alisema Injinia, dereva wa lori mstaafu. — Hata mshale wa lori huruka ukiwasha tu. Haraka haraka haina baraka.

— Methali hiyo inaingiaje hapo? aliuliza Kinyozi.

— Imeshaingia. Usiitoe.

Kinyozi akatikisa kichwa.

— Mimi naona ni hasira. Uvimbe umeguswa, ukavimba kichwa. Ukimnyoa mtu asiyetaka, lazima afurukute.

— Nyote hamjui, alisema Injinia, sasa amesimama. — Ni mpangaji mkorofi. Umemfukuza, anatupa vitanda na masufuria barabarani. Apitaye anasema, kumbe humu mna vitu vingi hivi. Kumbe ndiyo anahama.

Fundi Saa akaacha kunywa.

— Injinia, nani kakwambia?

— Akili yangu.

— Maana daktari alisema karibu hivyo hivyo. Chembe za uvimbe zikifa zinapasuka, zinamwaga vitu vyake kwenye damu, namba inaweza kupanda kwa muda. Lakini alisema pia huenda dawa haifanyi kazi. Namba moja si hukumu, akasema, tungoje tuone inakoelekea, na picha ya tumbo tupige.

— Na picha? aliuliza Kinyozi.

— Uvimbe umepungua nusu. Safari bado, lakini umepungua.

Kinyozi akajifanya anafuta jicho lenye unywele.

— Wiki tatu zile ulitutajia namba tu, mengine hukutuambia, alisema.

— Ningesemaje? Nilikuwa naogopa hata kuisikia sauti yangu.

Injinia akaketi, akamshika bega, na mara hii hakutafuta methali.

Hapo mlango wa nyuma wa kibanda ukafunguka. Mke wa Fundi Saa akatoka, kilemba kimefungwa upande kwa madaha.

— Shemeji, karibu, walisema kwa pamoja.

— Asanteni. Wiki zote hizi harufu ya kahawa yenu ilikuwa inanichefua, leo nimeisikia nikaitamani. Imebaki?

Injinia akatazama kikombe chake. Kinyozi akatazama viatu vyake. Wataalamu wote wawili walikuwa wameimaliza.

Fundi Saa akanyanyua birika tupu, akaenda kuchota maji, mabega yakitikisika kwa kicheko.