Kikombe Ambacho Sleyum Hakukitikisa

Uongozi unawatangazia, kwa heshima zote, kwamba kuanzia Alkhamisi ijayo sehemu pekee ya kuegesha gari yenye kivuli, nyuma ya jengo letu, itabaki bila mwenyewe. Maombi yasiletwe, wakubwa wameshagombana vya kutosha. Sababu ni kuwa Bwana Sleyum bin Khattab anastaafu siku hiyo, baada ya miaka thelathini na moja ya kuwa mandubu wetu, yaani mtu wa kuhangaikia vibali vya wafanyakazi wageni.

Alianza mwaka 1994, kampuni yetu ya upishi ilipokuwa jiko moja tu na gari lisilo na kiyoyozi. Kiarabu chake kilikuwa na Unguja ndani yake, na maofisa walimwacha aseme mpaka amalize kwa raha ya kumsikiliza tu. Mfuko wa kanzu yake ulijaa picha za pasipoti za watu. Za wanawe hakuwa nazo.

Kila mgeni alimuuliza jambo lile lile: hakuna kibali cha kumwezesha mtu kufanya kazi popote apendapo? Sleyum alijibu kwamba kasikia viko nchi nyingine, vibali vya wazi visivyotaja mwajiri. Cha hapa kina jina la aliyekuleta, na ukitaka kuhama, mnahama nyote wawili: wewe na jina, na mwenye jina sharti aridhie. Akishasema hivyo humuuliza mtu kama kesha kula.

Mwaka 2016 tulimtaka Mwanamize, mpishi kutoka Mombasa, aliyekuwa kwenye mkahawa wa Shekhe Muhanna huko Sib. Mkahawa ulikuwa unafungwa. Bila idhini ya shekhe, Mwanamize angerudishwa kwao na asiruhusiwe kuingia tena kufanya kazi kwa miaka miwili. Na shekhe hakutaka. Alisema kamleta yeye, atamrudisha yeye, kama alivyowaahidi wazee wake.

Sleyum akaenda barazani kwake. Mnajua adabu: mgeni haulizwi haja yake mpaka anywe kahawa, na mwenyeji humimina mpaka mgeni akitikise kikombe. Sleyum alijua pia kwamba akikitikisa tu, shekhe atashukuru, atainuka kwenda kusali bila kumuuliza haja yake, na mambo yataishia hapo. Basi hakukitikisa. Cha tatu, ambacho mwenye haya hukomea, kikapita. Shekhe akamimina, akamimina tena. Birika likaletwa la pili.

"Sleyum, una haja au una kiu?"

"Nna haja, shekhe. Lakini hujaniuliza, nami siwezi kukutangulia nyumbani kwako."

Shekhe akacheka mpaka akaweka birika chini. Akauliza. Sleyum akamwambia kwamba ahadi kwa wazee ilikuwa binti awe salama, haikuwa arudi mikono mitupu, na kwamba jiko letu ni la wanawake peke yao. Shekhe akatia sahihi. Sleyum hakulala siku mbili, na mkewe, Bi Mahbuba, bado anatulaumu.

Tangu mwanzo wa 2021, mtu akimaliza mkataba huhamia kwa mwajiri mwingine bila kuomba ruhusa ya yule wa kwanza, na mengi hufanywa kwa simu. Sleyum alilifurahia jambo hilo kwa dhati. Ila wiki sheria hiyo ilipoanza tulimwona mara mbili amekaa garini, injini inanguruma, hana pa kwenda. Zile baraza za mashekhe wa Sib na Bawshar hazikuwa na sababu tena ya kuendewa.

Ahsante, Ami Sleyum, kwa majina yote uliyoyabeba kwenye mfuko wa kanzu. Mungu akupe afya, usingizi, na wajukuu wa kukuchosha. Chakula cha kukuaga ni Alkhamisi baada ya adhuhuri, na wote mnakaribishwa.

Kwa wanaouliza, Mwanamize hatakuwapo. Alitupikia miezi minane, kisha akarudi Mombasa kuolewa.